March Madness: Doo Zimefunguliwa, Lakini Pasipoti Ndio Refa

Tarehe 5 Aprili 2025, San Antonio, Texas. Khaman Maluach anaingia Alamodome na jezi ya Duke. Miaka 18, urefu futi saba na inchi mbili. Hii ni Final Four: vyuo 68 vilianza, sasa vimebaki vinne, na Duke wanakutana na Houston kutafuta tiketi ya fainali.

Siku hiyo hiyo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, anatangaza kwamba viza zote za watu wenye pasipoti ya Sudan Kusini zimefutwa. Zote. Mwanafunzi, mfanyabiashara, mgonjwa, mchezaji, hakuna kuchagua.

Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini. Familia ilihamia Uganda, akakulia Kawempe, pale Kampala. Kwa hivyo mtoi wa mtaa kama wetu alikuwa anaingia mechi kubwa kuliko zote za chuo huku watu kwa mitandao wakiulizana kama wiki ijayo bado atakuwa nchini kihalali. Duke walitoa taarifa fupi tu: tumesikia, tunafuatilia.

Mechi yenyewe ilikuwa ya machozi. Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki sekunde kama 35 hivi, bado walikuwa mbele kwa sita. Wakapoteza 70-67.

Na hiyo vita ya viza ilikuwa ya nini? Msee mmoja. Marekani ilimrudisha jamaa Juba, Juba wakamkataa wakisema huyu si wetu, ni Mkongo. Washington ikawaka, ikafunga mlango kwa nchi nzima. Siku chache baadaye Juba wakalegeza, wakamruhusu aingie. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi zilikuwa na urefu wa futi saba.

Kwa Maluach stori iliisha poa. Juni 2025 aliitwa nambari 10 kwa drafti ya NBA na akaishia Phoenix Suns. Lakini wacha tukae na hii stori kidogo, juu inaonyesha kitu chenye wasee wengi huku mtaani hawajashika kuhusu March Madness. Miaka hii michache, pesa ya basketi ya chuo imefunguka kama bomba limepasuka Moi Avenue. Wachezaji wanalipwa, na wengine wanalipwa vizuri kushinda wazazi wao. Swali ni nani anaruhusiwa kukinga ndoo.

Kwanza, hii kitu inaendaje?

Kama wewe ni mtu wa EPL pekee, skia. March Madness ni mashindano ya mwisho wa msimu ya basketi ya vyuo vya Marekani, yanayosimamiwa na chama kinaitwa NCAA. Ya wanaume yalianza 1939 na timu nane. Siku hizi ni 68. Mwaka 2025, timu 31 ziliingia kwa kubeba ubingwa wa ligi zao, na 37 zikachaguliwa na kamati. Wanawake walianza yao chini ya NCAA mwaka 1982, na wao pia sasa ni 68.

Hakuna mechi ya marudiano. Hakuna kusema tutawashika kwetu. Ukipoteza mara moja, unafunga begi. Wiki tatu hivi, kutoka katikati ya Machi hadi mapema Aprili, na bingwa anapatikana.

Hapo ndio utamu uko. Mwaka 2018, UMBC, chuo chenye hata Wamarekani wengi walikuwa hawakijui, kilimchapa Virginia 74-54. Ilikuwa mara ya kwanza kwa upande wa wanaume timu iliyopangwa nambari 16 kumwangusha nambari 1. Mwaka 2022 Saint Peter's, kachuo kadogo ka Jersey City, kalimtoa Kentucky 85-79 kwa muda wa ziada na kakaenda hadi nane bora.

Kwa hiyo mechi, mchezaji mmoja wa Kentucky alifunga pointi 30 na kuvuta rebaundi 16, na bado akarudi nyumbani. Anaitwa Oscar Tshiebwe. Shika hilo jina, tutarudi kwake.

Wamarekani pia wana ugonjwa wa kubashiri. Kabla mechi zianze, mamilioni ya watu, kutoka maofisini hadi Ikulu, wanajaza karatasi ya nani atamshinda nani hadi fainali. Mechi 63. Mwaka 2019 jamaa mmoja alipatia 49 za kwanza bila kukosea, na hiyo ikawa habari ya taifa. Kwa hivyo wewe mwenye multibet yako huchomwa na timu moja ya mwisho, usijilaumu sana. Ni ugonjwa wa dunia nzima.

Shida yetu ni saa. Fainali ya wanaume huko ni usiku, na huku kwetu ni karibu saa kumi alfajiri. Unaangalia na jicho moja, halafu saa mbili uko kazini ukiwa zombi.

Doo ziko wapi?

Sasa tuongee pesa. Mwaka 2016, CBS na Turner waliongeza mkataba wao wa kuonyesha March Madness ya wanaume kwa miaka minane, hadi 2032. Bei? Dola bilioni 8.8. Ukipiga kwa shilingi 129 kila dola, hiyo ni zaidi ya trilioni 1.1 za Kenya. Kwa wiki tatu za basketi kila mwaka. Ya watoto wa chuo.

Hizo pesa zinashukaje? Kila mechi timu inacheza kabla ya fainali inaletea ligi yake fungu moja. Fungu la wanaume ni karibu dola milioni 2, zinazolipwa pole pole kwa miaka sita. Yaani wale Saint Peter's, kwa mechi nne walizocheza 2022, waliletea ligi yao mafungu manne. Hesabu mwenyewe.

Na wachezaji? Kwa miaka mingi walipata masomo ya bure, chakula na pa kulala. Ukikamatwa umelipwa juu ya kusaini jezi ya shabiki, unafungiwa. Kocha alikuwa anaweza kulipwa mamilioni ya dola, chuo kinajenga uwanja mpya, halafu mwenye anaruka na kuumia goti haruhusiwi hata kuuza picha yake.

Hiyo ukuta ilianguka mara mbili. Ya kwanza ni Julai 1, 2021, NCAA ilipokubali wachezaji wale pesa ya jina na sura yao: matangazo, mitandao, kuuza jezi, kualikwa sherehe. Ya pili ni Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken alipoidhinisha mapatano ya kesi inayoitwa House. Wachezaji waliokuwa kwa mfumo tangu 2016 watagawana dola bilioni 2.8 za fidia. Na kuanzia Julai 1, 2025, chuo kinaweza kulipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yake yote. Hiyo ni kama shilingi bilioni 2.6, kwa chuo kimoja.

Sasa angalia ile Duke ya 2025. Nyota alikuwa Cooper Flagg, kijana wa jimbo la Maine. Akiwa bado chuoni alikuwa na dili ya New Balance na ya Gatorade. Anatoka darasani, anapiga tangazo, anarudi mazoezini, hakuna mtu anamuuliza kitu.

Kando yake kwa hiyo hiyo timu alikuwa Maluach. Kocha mmoja, uwanja mmoja, televisheni moja. Pasipoti tofauti.

Hapa ndio viza inaingia

Mwanafunzi wa kigeni Marekani mara nyingi anaingia na viza ya F-1. Hiyo viza imekubali jambo moja: kusoma. Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa, masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi nje ya chuo inahitaji ruhusa maalum, na ruhusa yenyewe inafaa kuendana na masomo yako.

Sasa jiulize. Kupiga tangazo la viatu ni kazi? Kusaini jezi 500 Jumamosi ni kazi? Kulipwa na chuo juu unakichezea basketi ni kazi?

NCAA ilibadilisha sheria zake. Mahakama ilibadilisha ya pesa. Lakini sheria ya uhamiaji haiandikwi na NCAA wala na jaji wa michezo, na kanuni za F-1 hazikuandikwa upya kumwangalia mchezaji anayelipwa. Hapo katikati kumebaki shimo.

Kila chuo kinalirukia kivyake. Kuna mawakili wanasema pesa ya kutumia picha yako tu, bila wewe kuinua mkono, si kazi, kwa hivyo ni sawa. Kuna wengine wanatafutia wachezaji viza ya P-1, ile ya wanamichezo wanaotambulika kimataifa. Na kuna vyuo vinasema mtoto wa watu akae mbali na hiyo pesa kabisa. Makosa hapa si ya kulipa faini mia mbili za kanjo. Ukionekana umefanya kazi bila ruhusa unaweza kupoteza hadhi yako ya mwanafunzi, urudishwe nyumbani, na siku nyingine ukiomba viza hiyo faili inakungoja.

Na usidhani ni shida ya Waafrika pekee. Zach Edey, jitu la futi saba na inchi nne, alikuwa mchezaji bora wa mwaka mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, akiwa Purdue. Alifikisha timu fainali ya 2024 na akafunga pointi 37, ingawa UConn walichukua kombe 75-60. Edey ni wa Canada, jirani kabisa. Bado viza ya mwanafunzi ilimfungia sehemu kubwa ya pesa zenye wenzake walikuwa wanaokota.

Turudi kwa Oscar Tshiebwe. Huyu ni mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinaongewa sokoni na kwa keja vile vile. Mwaka 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Kentucky walikuwa wanamuuza kila kona, na yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi. Walifanyaje? Agosti 2022 timu ilienda Bahamas kwa mechi za kirafiki, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, ndio akafanya kazi zake za matangazo.

Fikiria hiyo picha. Mchezaji bora wa nchi nzima anatolewa nchini, anavuka bahari, anapigwa picha haraka haraka, anarudi darasani. Kama unajua mtu aliwahi kutoka kazini mchana kwenda kufanya kibarua mahali bosi hamwoni, hiyo ndio hiyo. Tofauti ni kwamba hapa bosi mwenyewe ndiye alipanga safari.

Kutoka Mumias

Sasa tuje kwetu kabisa. Madina Okot, dem wa Mumias, futi sita na inchi sita. Alichezea Zetech University hapa nyumbani, halafu akaenda Mississippi State kwa msimu wa 2024-25. Mwaka wake wa kwanza huko alikuwa anatoa wastani wa pointi 11 na rebaundi karibu 10 kwa mechi. Kwa ligi ya SEC, ambayo ni moto wa kuotea mbali.

Machi 2025 akaingia March Madness. Mississippi State walimpiga California 59-46. Raundi ya pili wakapelekwa Los Angeles, nyumbani kwa USC, mbele ya mashabiki wa USC. Ndani ya robo ya kwanza nyota wao JuJu Watkins akaumia goti vibaya, uwanja ukageuka, na wageni wakawa wanazomewa usiku wote. Ikaisha 96-59. Kwa Okot hiyo ilikuwa shule ya aina nyingine.

Aprili, akahama. Na hakuhamia mtaa wa karibu. Alienda South Carolina kwa Dawn Staley, timu iliyobeba kombe 2017, 2022 na 2024, na iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya 2025 na kuchapwa na UConn 82-59. Ni kama mchezaji wa ligi yetu aende Ulaya mwaka mmoja, halafu Real Madrid wapige simu.

Hii ndio sehemu inafaa kutufurahisha bila kuweka "lakini" haraka. Masomo ya chuo cha Marekani yaliyolipiwa ni pesa, tena pesa refu. Mtoto wa Mumias anapata digrii, kocha wa kiwango cha dunia, madaktari, chakula, na dirisha la kuonekana na timu za WNBA. Hakuna mzazi hapa Kenya angelikataa hilo.

Ila ukipenda mtu unamwambia ukweli wote. Mpira wa vikapu wa wanawake ndio unaopanda bei kwa kasi sasa hivi. Mwaka 2021, mazoezi ya wanawake huko San Antonio yalikuwa na rafu moja ya vyuma vyepesi na mikeka michache, huku wanaume wamejengewa jimu nzima. Sedona Prince wa Oregon alichukua video na simu, dunia ikaona, NCAA ikaaibika. Hadi mwaka huo hata jina March Madness lilikuwa la wanaume pekee. Wanawake waliruhusiwa kulitumia 2022.

Miaka miwili baadaye, fainali ya wanawake kati ya South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark ilitazamwa na watu milioni 18.9. Ya wanaume mwaka huo ilipata milioni 14.8. Wadem waliwapita, wazi wazi. Na Januari 2025 NCAA ikakubali kwamba timu za wanawake nazo zilete mafungu ya pesa kwa ligi zao: dola milioni 15 mwaka wa kwanza, zifike 25 kufikia 2028. Kwa hivyo zile mechi mbili za Mississippi State zilikuwa kwa kundi la kwanza katika historia ya wanawake kulipiwa hivyo.

Na hii pia ujue: Clark alipoingia WNBA 2024 kama chaguo la kwanza, mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulikuwa kama dola 76,500. Matangazo yalikuwa yanampa pesa nyingi kushinda hapo tangu akiwa chuoni. Kwa mchezaji wa kike, ile miaka ya chuo inaweza kuwa ndio miaka yenyewe ya kuomoka. Sasa weka hapo msichana mwenye viza ya mwanafunzi. Ile miaka minono kabisa ya maisha yake ndio anaambiwa akae kando asubiri.

Mlango unazidi kufinyika

Kuna mambo mengine mawili yanabadilika, na yote yanamgusa mtoi anayedunda mpira Kaloleni au Eastleigh saa hii.

La kwanza ni dirisha la kuhama. Tangu 2024 mchezaji wa chuo anaweza kuhama kila mwaka na kucheza mara moja, mradi masomo yake yako sawa. Ni poa kwa mchezaji, na Okot ni shahidi. Lakini changanya na pesa uone. Mtoto aking'ara kwa chuo kidogo, chuo kikubwa kinamchukua kabla mwaka uishe. Machi 2025 timu zote 16 zilizofika Sweet 16 ya wanaume zilitoka kwa ligi nne tu, tena zile nne tajiri. SEC peke yake ilileta saba. Kule nne bora wakaingia wote waliopangwa nambari 1, kitu kilichokuwa kimetokea mara moja tu, 2008. Florida wakamshinda Houston 65-63 na kubeba kombe. Mechi ilikuwa tamu, lakini wale Saint Peter's wa 2025 hawakuonekana.

Kwa Mkenya hii inamaanisha nini? Kocha mwenye pesa siku hizi anaweza kununua jamaa wa miaka 22 aliyepikwa tayari. Yule kijana mbichi wa miaka 18, mrefu lakini bado anajifunza, anahitaji kocha wa kumvumilia. Uvumilivu ndio umeanza kuadimika.

La pili ni mlango wenyewe wa Marekani. Mwisho wa Mei 2025, balozi zao dunia nzima zilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi. Walipofungua tena Juni, sharti jipya lilikuwa ufungue akaunti zako za mitandao ziwe wazi wakague. Ndio, hiyo memu uliposti 2022 pia. Mwezi huo huo marufuku ya kusafiri ikaanza kwa nchi 12, Somalia ikiwemo, na viza za wanafunzi zikasimamishwa kwa nchi zingine saba, Burundi ikiwemo. Wanariadha wanaoenda Kombe la Dunia au Olimpiki waliwekewa mlango wa pembeni. Mwanafunzi anayeenda kucheza basketi ya chuo hakutajwa hapo.

Mkenya hakuwa kwa hiyo orodha. Lakini Msudani Kusini naye alilala Aprili 4 akiwa sawa.

Kama wewe ni mchezaji, uliza haya

Enda uwanja wowote wa basketi Nairobi Jumamosi jioni na hutakosa msee mwenye simu mbili na stori ya "nina chuo kinakutaka Marekani". Wengine ni wa ukweli. Wengine wanataka ngiri hamsini za mathee wako. Kabla familia iuze ng'ombe au kufungua WhatsApp ya mchango, uliza.

Chuo chenyewe kimeandika barua, ama ni agenti anaongea? Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya F-1, inatolewa na chuo kilichoidhinishwa. Hainunuliwi kwa mtu. Ada ya SEVIS ya dola 350 inalipwa kwa serikali ya Marekani kwa tovuti yao, na risiti unabaki nayo.

Skolashipu ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote? Nyingi zinaangaliwa upya kila mwaka. Ukiumia goti je? Kocha aliyekuita akifutwa je? Kwa F-1, ukikosa darasa unakosa pia haki ya kukaa.

Ni chuo cha daraja gani? NCAA si nyumba moja, ina madaraja matatu. Daraja la tatu halitoi skolashipu za michezo kabisa. Halafu kuna NAIA na vyuo vya miaka miwili, ambavyo si vibaya hata kidogo, ila usiambiwe unaenda March Madness na unaenda kwingine.

Na swali lenyewe la hii makala: kwa viza nitakayopewa, naruhusiwa kulipwa nini, na nani wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ameniandikia hivyo? Si kocha. Si rafiki wa kocha. Kocha kazi yake ni kushinda mechi, na akikosea kuhusu viza, yeye hapelekwi airport.

Pia usisahau Marekani si mlango pekee tena. Maluach mwenyewe hakutoka Kawempe moja kwa moja hadi Duke. Alipitia NBA Academy Africa kule Saly, Senegal, akacheza BAL kwa klabu tofauti, moja yao City Oilers ya Kampala, na akawa Olimpiki ya Paris 2024 na Sudan Kusini kabla hajakanyaga darasa la chuo. Alifika Marekani akiwa tayari na jina. Nairobi City Thunder nao walivunja mwiko 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Njia ya nyumbani bado ina mashimo, lakini sasa ni njia.

Tunamalizia hivi

March Madness inauzwa kama mahali pesa haijaharibu mchezo, ambapo chuo kidogo kinaweza kuangusha kikubwa na mtoto wa yeyote anaweza kuwa shujaa kwa usiku mmoja. Ndio maana tunakesha. Na wachezaji kulipwa ni haki iliyochelewa sana, hakuna mjadala hapo. Mwenye jasho ale.

Lakini kwa sasa jasho la Lubumbashi, la Rumbek na la Mumias linaonekana kwa televisheni ile ile, linaletea ligi mafungu yale yale, halafu wakati wa kugawa linaulizwa pasipoti. Vyuo vinajua. NCAA inajua. Wote wana mawakili wa kutosha kuongea na serikali yao kuhusu viza moja, kama wanavyokuwa na mawakili wa kutosha kusaini mkataba wa bilioni 8.8.

Na huku nyumbani pia tuna homuweki. Tunapenda kupost "mtu wetu" akiingia uwanjani. Serikali inapiga picha naye akirudi likizo. Shirikisho la basketi na wizara ya michezo wangeweza kuanza na kitu kidogo tu: dawati moja, wakili mmoja wa uhamiaji, nambari moja ya simu ambayo mchezaji wa form four na mathee wake wanaweza kupiga kabla ya kusaini chochote. Haihitaji uwanja mpya.

Machi ikifika, weka alamu. Fainali ya wanawake mwaka 2025 ilichezwa mchana wao, kwetu ikawa saa nne usiku, kwa hivyo hata kazi ya kesho yake haikuumia. Cheki rebaundi zinavyovutwa. Piga kelele hadi jirani agonge ukuta. Halafu kumbuka kuuliza ile mechi imeletea nani pesa, na ni kiasi gani kimefika Mumias.